Mstari Mweupe Juu ya Vali

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya. Meneja wa kiwanda uliyekaa kulia kwake. Mafundi, wapishi wa sabuni na wenzetu wote mliosimama juani:

Sisi akina mama wa usafi tunakukaribisha katika kiwanda chetu cha sabuni. Jisikie uko nyumbani, ila usiegemee ukuta, rangi bado mbichi. Ofisi ilituandikia risala ya kukusomea. Ni nzuri mno, lakini maneno yake yanataka meno yote, na msomaji wetu kabakiwa na machache. Kwa hiyo tunasoma ya kwetu.

HISTORIA

Kazi yetu ni kufagia, kudeki, na kuosha vyuma vinavyofunguliwa na mafundi. Aliyetufundisha vyuma hivyo ni Fundi Taratibu. Jina hilo tulimpa sisi, maana hafungui hata kizibo cha chupa bila kusema, "Taratibu, jamani."

Lipo bomba linalopeleka magadi makali ya moto kwenye sufuria kuu. Katikati yake kuna vali, na ndani ya vali imo gololi ya chuma, kubwa kama kichwa cha mtoto, imetobolewa katikati. Tundu likielekea bomba, magadi hupita. Gololi ikigeuzwa, njia hufungwa, lakini lile tundu hubaki limejaa, kama mtu aliyefumba mdomo na maji mashavuni. Ukimfumbua kwa nguvu, atakutemea wewe. Kwa hiyo kabla ya kuifungua vali, Fundi huikalisha gololi nusu, iteme yote kwanza.

Atajuaje imekaa nusu? Gololi hugeuzwa na kijiti cha chuma kinachochungulia juu. Kwenye ncha yake pamechongwa mfuo mwembamba, nao huelekea kulekule tundu linakoelekea.

MAFANIKIO

Tulipoambiwa unakuja, Meneja alisema, "Kila kisichotembea kipakwe rangi." Tukapaka. Mzee wa stoo alikuwa amesinzia, akaponea chupuchupu. Vali nayo tukaipaka buluu, nzito, mpaka mfuo ukazibika. Mwenzetu mmoja, mwenye mkono mzuri kuliko sote, aliiona ile ncha imekaa uchi, akaichorea mstari mweupe wa kuipamba. Akaulaza upande aliouona unapendeza.

Meneja akapita. "Mmeweza, mama zangu! Hapo mgeni lazima apige picha."

Tukacheka, tukagongana mabega. Hayo ndiyo mafanikio yetu.

YALIYOTUPATA

Kesho yake vali ikavuja, ikabidi ifunguliwe. Fundi alizima mota, akafunga njia kwa vali nyingine ya nyuma, akakausha bomba, akatazama ncha. Mstari ulisema nusu.

"Imeshatema hii?" akamuuliza mwenzake.

"Imetema, kaka. Si unauona mstari huo?"

"Haya. Taratibu, jamani." Akalegeza boliti.

Mgeni rasmi, haikuwa imetema. Sisi tulikuwa pale pale na mabeseni, tunasubiri gololi tuioshe. Tulisikia "fyuuu", kisha mtu mzima mwenye ndevu akalia, "Mama yangu weee!" Kila mmoja wetu akaitika. Tulimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo. Macho yalipona kwa kuwa aligeuza uso. Mikono yote miwili ilibabuka mpaka viwikoni.

Tulidhani hapo ndipo mwisho wa kushtuka. Kumbe bado. Sakafu haijakauka, tukaletewa kopo lilelile. "Rangi imebanduka, mama zangu, rudishieni. Mgeni yuko njiani." Tukachovya brashi. Tukapaka. Mpaka sasa tunajiuliza ni mikono ya nani iliyopaka.

Kisha Fundi akafuatwa hospitali, akaambiwa kazi hana tena kwa sababu ya uzembe. Uzembe! Yule! Na sisi wenye brashi tukapewa sare mpya, hizi unazoziona. Mwenzetu mwenye mkono mzuri hajaivaa ya kwake. Na brashi hajaigusa tena.

MAOMBI

Tunaomba usipige picha pale kwenye vali. Ule mstari ni mwongo. Tuliiambia ofisi, tukajibiwa tusiharibu sherehe.

Tunaomba ile rangi ikwanguliwe mpaka mfuo uonekane, na tangu leo brashi isiguse chombo kabla fundi hajaruhusu.

La tatu ndilo lililotusimamisha hapa. Tunaomba Fundi Taratibu arudishiwe kazi yake, na itamkwe mbele za watu kwamba hakuwa mzembe. Mikono ikipona, afunge boliti. Isipopona, afundishe kwa mdomo, maana mdomo haukuungua. Meneja, tumeshaiona saa yako, ni nzuri, tunamalizia.

Mgeni rasmi, Fundi yuko nje ya lango tangu asubuhi, amesimama na mkewe, bandeji mpaka viwikoni. Hakuja kugombana. Alitaka tu kusikia atatajwaje. Lango limefungwa, na ufunguo uko kwenye mfuko wa koti la jirani yako wa kulia.

Mungu akupe maisha marefu, na mikono miwili mizima ya kuyashikia. Wimbo hatukuandaa. Tunasubiri ufunguo utoke, tumesimama.

Ni sisi,
Akina Mama wa Usafi, Kiwanda cha Sabuni.