Macho Yangu Mekundu na Wajukuu Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nasimama mbele yenu nikiwa hai, na hilo peke yake lingetosha kuwa ushuhuda wangu.

Mimi ni Mama Masanja, mjane, wa upande huu wa Ibadakuli. Wazee mnanifahamu. Ninyi vijana mnaniona nimekaa benchi la mbele, hamjui Bwana alinitoa wapi.

Miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha pamoja, kuni zilikwisha upesi, kaya nyingi na miti michache. Tulipikia mabua ya pamba, na yakiisha tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Jiko langu lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Moshi ule ni mkali, ndugu zangu. Macho yangu yakawa mekundu, yakatoka tongotongo, na mwishowe kope zikapinda kwa ndani zikawa zinanikwaruza jicho. Nilijifuta kwa upindo wa kanga nikaendelea kupika, maana watu lazima wale.

Niliishi na mwanangu Masanja na mkewe Nyanzobe. Maji tulichota lamboni, ng'ombe wakinywa upande huu, sisi tukichota upande ule. Hatukuona ajabu. Mjukuu wangu wa kwanza akaharisha, macho yakadidimia, akafa. Kiangazi kilichofuata akafa wa pili, kwa ugonjwa uleule. Nyanzobe hakulia tena safari ile. Alikaa tu akitazama ukuta.

Ndugu wakaenda kwa mganga wa ramli. Akapasua kuku, akatazama, akasema anayewamaliza watoto anaishi mumo humo bomani, na macho yake ni mekundu. Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Tangu hapo nilikuwa kama maiti inayotembea. Nikiwasalimu wanawake asubuhi, "Mwangaluka," walijifanya hawakusikia. Chakula nilichopika kilirudi kama nilivyokipakua. Jirani yangu Mama Holo, mjane mwenye macho kama yangu, alifukuzwa. Akaenda kwa ndugu zake Ushetu, lakini maneno yalikuwa yamemtangulia, wakamfungia mlango. Alikutwa amekufa kando ya shamba la tumbaku. Nilijua zamu yangu inakuja. Nilimwomba Mungu jambo moja, kwamba nisife nikiitwa muuaji wa wajukuu zangu.

Ndugu zangu, Mungu alijibu kwa njia ambayo nisingeichagua. Minza, mtoto pekee aliyebaki, akaanza kuharisha. Masanja alikuwa Rwamgasa kwenye machimbo ya dhahabu. Majirani hawakuja, waliniogopa. Nyanzobe alimnyima mtoto maji, kwa kuwa tulifundishwa kwamba maji yanazidisha kuharisha. Midomo ya mtoto ilikauka ikapasuka. Nikaingia, nikasema nampeleka zahanati.

Nyanzobe alimkumbatia mwanawe, akanitazama. Akasema, "Mayu, ukimchukua huyu asirudi, mimi sina mwingine."

Alikuwa bado ananiita mayu, yaani mama. Nikamwambia, "Ndiyo maana tunakwenda wote wawili."

Nilimbeba Minza mgongoni, mama yake nyuma yangu, hajui kama anamfuata mwokozi au mchawi. Njia nzima niliomba. Kule nesi hakututolea maneno mengi. Alichanganya sukari na chumvi kwa kipimo kwenye maji yaliyochemshwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mtoto akitapika, alisubiri kidogo akaanza tena. Alimwonya Nyanzobe kwamba mtoto anayeharisha anakufa kwa kukaukiwa, asinyimwe maji wala ziwa la mama. Alasiri Minza akakojoa. Msicheke, ndugu zangu. Nilipiga magoti pale sakafuni nikamshukuru Mungu kwa mkojo ule.

Kisha nesi akatuuliza tunachota wapi maji. Alipomaliza kutusikiliza, akasema maji yale ya lambo ndiyo yanayowaharisha watoto, kisha akaniita mimi. Alinipindua ukope, akamwita Nyanzobe asogee aone. Akamwambia, "Huyu mama ana ugonjwa wa vikope, na moshi umemzidishia. Anatibiwa." Nyanzobe alitazama muda mrefu. Akaanza kulia, kilio kile kilichokuwa kimekataa kutoka.

Tuliporudi tulikuta wazee wameitisha kikao kwa ajili yangu. Kwetu mke kijana hasimami kusema mbele ya wazee. Nyanzobe alisimama, mtoto mgongoni. Akasema, "Watoto wangu waliuawa na maji ya lambo. Huyu amepona kwa sababu mayu alimbeba. Atakayemfukuza, anifukuze na mimi."

Wengine hawakuamini, wakaondoka. Lakini hakuna aliyenigusa, ndugu zangu, hata leo.

Masanja alirudi, akatoboa dirisha jikoni na tundu la moshi juu. Maji tukawa tunayachemsha na kuyafunika. Hospitali walinirekebisha kope. Nuru ya jicho la kushoto haikurudi. La kulia ndilo linalowaona ninyi sasa.

Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru mkwe wangu. Mama Holo simsahau. Hakupata mtu wa kumsimamia.

Basi nawasihi. Chemsheni maji. Toeni moshi majikoni, watoto waoshwe nyuso kila asubuhi. Mtoto akiharisha mpeni maji ya chumvi na sukari kama zahanati wanavyoelekeza, mkimbilie huko, msikimbilie kupasua kuku. Na wewe uliyeketi hapa ukinong'onezwa kila upitapo, mtegemee Bwana. Anajua kwamba huna hatia. Na wewe mwenye mama mwenye macho mekundu nyumbani, ukitoka ibadani leo, mshike mkono umpeleke akatibiwe.