Ndoo ya Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa mradi wetu wa kamba wa maji baridi, Bwana Chifu, afisa wetu wa uvuvi Bwana Hesbon Wabwile, viongozi wetu wa kanisa na wa msikiti, majirani wa hapa Kwanza na nyinyi mliotoka mpaka Moi's Bridge: hamjambo.

Mimi ni Phelista Nakhungu, katibu. Nimetumwa na wenzangu niseme yale tuliyokubaliana, pamoja na mawili matatu ambayo kila mtu alitaka yasemwe lakini na mwingine.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana, hapa ni kwako. Barabara ya kutoka Kitale wakati huu wa mvua tunaijua, na gari lako tumeliona lilivyofika. Hii ni mara yako ya pili kututembelea. Ile ya kwanza hatujaisahau. Picha yako ukilisha vifaranga imetundikwa sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Mama Nangila, juu ya ile ya harusi yake.

HISTORIA YETU

Zamani sisi tulilima mahindi tu, kama Trans-Nzoia yote. Mwaka wa 2008 bei ya mbolea ilipotushinda, mradi wako ulituletea habari za kamba. Mama Nangila akatoa kipande cha shamba lake kikachimbwa kidimbwi, na hakubaki na kingine. Siku vifaranga walipoletwa, Mzee Mukhwana alitazama yale magando akauliza, "Sasa huyu tutamkula, ama ni yeye atatukula?"

Bwana Wabwile alitufundisha ratiba ya kulisha. Chakula kilichosagwa, kidogo asubuhi, na kingi kiasi jua likizama, kwa sababu hapo ndipo vifaranga hutoka mafichoni. Wasikose hata siku moja, maana kifaranga mwenye njaa humla mwenzake aliyejivua gamba, angali laini. Wasizidishiwe pia, maana kinachobaki huoza, maji yakakosa hewa, wakafa wote. Tulielewa vizuri sana. Dada Zaitun akachukua zamu ya asubuhi kabla hajafungua kibanda chake, na Mama Nangila ya jioni.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni wageni. Tangu kidimbwi kizinduliwe, hatujakaa wiki bila ugeni. Na huku kwetu, mgeni rasmi, mgeni hakai tu mikono mitupu. Matangani anapewa nafasi aseme, kwenye ujenzi anapewa jiwe aweke. Hapa tukampa ndoo arushe chakula.

Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ilianza na wewe siku ya uzinduzi, saa sita mchana. Ulirusha kwa moyo mkunjufu mpaka ndoo ikaisha, nasi tukakushangilia. Baada yako walikuja walimu wakuu, wakaja wachungaji, wakaja wenzetu wa Bumula kujifunza. Kila mmoja alirusha, na kila mmoja alitaka arushe zaidi ya aliyemtangulia. Ni nani hapa Kwanza angemnyang'anya mgeni ndoo?

CHANGAMOTO

Changamoto pia ni wageni.

Siku walipokuja, vifaranga walishushiwa chakula jua likiwa utosini, wakati wamejificha, kikaoza chini. Siku ambazo hawakuja, tuliwabania vifaranga chakula, ili ugeni ukitokea ndoo isitutie aibu. Ndipo wakaanza kulana. Jioni moja Mama Nangila alikwenda kwa zamu yake akakuta magando yanaelea, na maji yananuka. Aliketi ukingoni akalia, na hatuoni haya kulisema mbele yako. Ratiba ya Bwana Wabwile bado ilikuwa imebandikwa mlangoni pa stoo ya chakula. Sisi tulikuwa tunafuata ratiba ya magari.

Bwana Wabwile alipofika hakutugombeza. Alituuliza tu, "Kwani nyinyi mnafuga kamba ama mnafuga wageni, bana?"

Ofisi yako ilichunguza, ikaona kwamba vifaranga walikufa kwa uzembe wa wanakikundi. Tumepokea. Uchunguzi wenyewe haukugusia ndoo, nasi kwa heshima hatukuikumbusha. Tuliletewa vifaranga wengine, tukaambiwa hao ndio wa mwisho. Wakifa hao, mradi utahamia Bumula. Watu wa Bumula hatuna ubaya nao. Lakini Mama Nangila atabaki na shimo pale alipokuwa akipanda mahindi, na hilo linatuuma.

MAOMBI

Kwanza, tumesikia kwa dereva wako kwamba ulitamani kuonja kamba. Wakubwa tulio nao, wale wachache waliosalimika, ni mama, na wamebeba mayai. Tunaomba uvumilie kuku. Amechinjwa na Mzee Hashim ili sote tule, na firigisi ni yako.

Pili, wageni unaotutumia tunawapenda. Tunaomba tu waje jioni saa ya kulisha, au waje kutazama.

La tatu ndilo limetusumbua wiki nzima. Ratiba ya leo inasema kwamba baada ya risala hii, mgeni rasmi atalisha vifaranga. Zaitun amekwisha kuwalisha asubuhi, na wameshiba. Wengine wetu walitaka kipengele hicho kifutwe. Mzee Mukhwana akakataa kabisa. "Mgeni rasmi asirushe kitu? Si ni kama tumemfukuza?" Na kweli, hatukuweza kukufanyia hivyo. Mpiga picha naye ameshafika.

Kwa hivyo tumeamua hivi. Ndoo ni ile ile, iko pale ukingoni, na Mama Nangila ameifunika kitambaa kipya. Ukifunua utakuta haina kitu ndani. Tunakuomba uingize mkono, urushe kama siku ile, na utazame kamera. Sisi tutapiga makofi na vigelegele kuliko mara ya kwanza.

HITIMISHO

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na akufikishe Kitale kungali mchana. Utusamehe hatutakusindikiza hadi barabarani, maana jua likizama tutakuwa tunalisha.

Ni sisi wako watiifu,
Kikundi cha Wafugaji wa Kamba cha Inuka, Kwanza.