Sabuni ya Kisumu Ilipoteremka Musoma

Ndugu zangu wa chama cha mafundi, nimeombwa niseme, na kusimama hapa kwenyewe ni kazi.

Mimi nilikuwaga fundi sabuni hapa Musoma. Nilinunua mafuta ya ng'ombe Butiama, nikachemsha, nikakata miche. Siku moja meli ya Kisumu ikateremsha masanduku ya sabuni ya kiwandani, imefungwa karatasi, na bei yake chini kuliko yangu. Nikaenda forodhani kuuliza, na kuchukua soda kali ninayopikia sabuni.

Karani akaniambia, "Mzee, siku hizi Kenya, Uganda na Tanganyika ni forodha moja. Mali ya Kenya haitozwi ushuru. Lakini hii soda yako kali imetoka ng'ambo, lazima ilipiwe."

"Sasa mimi niishije?"

"Hilo sijui, mzee. Mimi natoza ushuru tu."

Nawaambieni, nilizunguka na sabuni yangu mpaka Bunda, nikarudi nayo. Mvua ikaingia bandani ikaiyeyusha. Nyumbani tulikula uji, kisha maji ya uji. Mwanangu mdogo akaacha kuomba chakula. Ndugu zangu, mtoto akilia njaa unaumia. Akinyamaza, unaishiwa nguvu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja kutoka Guta. Hakunigombeza. Akasema, "Nawachukua wakale kwanza." Mke wangu akaondoka anageuka geuka, mimi nimesimama mlangoni kama gogo.

Nikaacha kuswali. Asubuhi moja nikashuka ziwani, kwenye mawe ambapo maji yana kina. Sitaki kulipamba hili: sikwenda kuoga.

Mtumbwi ukaja. Ndani mama mmoja wa vijiji vya rasini, Mkristo, mteja wangu wa zamani.

"Fundi, mbona siku hizi moshi hautokagi kwako?"

"Sabuni imekufa, mama."

"Na wewe?"

Nikageukia ziwa. Akanitazama, akatazama maji, akaelewa. Akasema, "Basi shika tenga hili. Zito, na mgongo wangu unauma."

Nikashika. Lilikuwa limejaa samaki furu, maji yananitiririka shingoni, na huku ninalia. Hakuniacha. Alinipeleka kwake, akanipa ugali, akanifundisha kukausha samaki. Nikawa ninawapeleka Buhemba kwa wachimba dhahabu. Ilichukua muda, tena muda mrefu, ndipo nikaenda Guta kumchukua mke wangu na watoto.

Sabuni haikurudi. Bado inaniuma nikipita dukani. Na hapa naona mafundi viatu, naona washonaji, najua nini kinawajia kwa meli ileile.

Namshukuru mama yule, shemeji yangu, na mke wangu aliyekubali kurudi kwenye nyumba yenye harufu ya samaki. Nanyi nawaomba: ukiona fundi mwenzako amefunga banda, usimwachie pole mlangoni ukapita. Ingia. Mtu anayezama hapigi kelele, mimi sikupiga.