Historia ya Marehemu Petronila Anselmi, Aliyerudi Chuo kwa Ajili ya Mdogo Wetu

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wakwe zetu, ndugu Wakristo na Waislamu mliofika hapa Msimbu asubuhi hii, mimi ni Bartolomeo, kaka mkubwa wa marehemu, elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikikwama mahali mnivumilie, na ndani ya historia hii ipo dhambi yangu ya kuungama mbele yenu, kwa sababu inamhusu mdogo wetu wa mwisho, Calist, huyo aliyejifunika shuka pale mkekani, na muda wake ni mdogo.

Marehemu Petronila Anselmi alizaliwa hapa Msimbu, wilaya ya Kisarawe, tarehe 6 Mei 1985, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto watano wa marehemu mzee Anselmi na marehemu mama Marselina, akabatizwa mwezi Julai mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, akaenda sekondari ya bweni Kibaha, akamaliza kidato cha sita mwaka 2006, na mwaka 2009 akapata shahada ya ustawi wa jamii Dar es Salaam, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa lile joho.

Mwaka 2010 aliajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii mjini Kibaha, akapanga nyumba mtaa wa Tangini, na tarehe 24 Novemba 2012 akafunga ndoa takatifu na mwalimu Onesmo, Mungu akawajalia watoto wawili, Juliana aliyezaliwa mwaka 2013 na Dina aliyezaliwa mwaka 2017.

Mwaka 2013 tuligundua kuwa Calist, aliyekuwa anapiga debe kituo cha mabasi cha Kwa Mathias kule Kibaha, anavuta unga, mimi nikamfukuza hapa nyumbani kwa panga, Petronila akamchukua kwake, na mwaka uliofuata akaomba ruhusa kazini akarudi chuo kusomea shahada ya uzamili ya sera za uraibu, sisi tukamcheka, nikamwuliza yaani umepewa likizo ukasomee mateja mpaka digrii ya pili, akanijibu, kaka shikamoo, yule anaitwa Calist, jina mlimpa wenyewe.

Kwa utafiti wake alikaa miezi saba na watu wanaokunywa methadoni, ile dawa ya kila siku inayomshikilia mtu asirudie unga, akiwauliza kwa nini wenzao wanaiacha, na alinieleza kuwa alitegemea kusikia habari za umbali, lakini wengi walimjibu ni ndugu, ndugu wanaona aibu, ndugu wanasema hiyo nayo ni unga tu wa kwenye kikombe.

Alihitimu mwaka 2016, wenzake wa darasani wakapata vyeo na ofisi zenye viyoyozi, yeye akaomba aondolewe kwenye meza ya mafaili apelekwe kliniki ya methadoni, akaandika mwongozo wa kumtaka kila mgonjwa awe na ndugu mmoja anayejua saa yake ya dawa, kisha akawa anautembeza mwenyewe nyumba kwa nyumba, akikaa na wazazi waliokwisha kuwakana watoto wao, mpaka vijana wa Kwa Mathias wakampa jina la Mama Dozi, na Calist akanywa dawa yake miaka tisa, akawa fundi rangi, na ndugu aliyeandikwa kwenye kadi yake ni Petronila.

Mwezi Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akapata mionzi Dar es Salaam, akarudi kazini, mwezi Juni mwaka huu akalala kitandani na hakuinuka tena, lakini kila asubuhi alimwuliza Calist, umeshakunywa, hadi Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, alipofariki akiwa na miaka arobaini na miezi minne.

Dhambi yangu ni hii. Juzi Jumatano Calist aliniaga kwamba anawahi kliniki Kibaha, nikamwambia dada yako hajazikwa wewe unafuata dozi, mwanamume wa ukoo haondoki msibani, kaa chini, akakaa, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tangu lile panga mimi kumwita mwanamume wa ukoo. Jana machozi na kamasi vikamtoka, akawa anatetemeka, nasi tukamsifu, jirani yetu mama Hajira akasema jamani huyu ndiye aliyempenda dada yake, na leo alfajiri nesi Salama, aliyefanya kazi na marehemu, alimtazama mara moja tu akaniambia, mzee wangu, huyo halii, hiyo ni arosto ya kukosa dawa, siku ya tatu hii hajanywa, na hivi alivyo atautafuta unga kabla ya jua kuzama, na safari hii huo unga utamuua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Tangini waliompikia na kumwogesha, na wafanyakazi wenzake wote, Mungu awalipe.

Kliniki inafunga saa saba na sasa ni saa nne na robo, mwalimu Onesmo ametoa gari lililomleta mkewe, nesi Salama atakwenda naye, kwa hiyo jeneza tutalibeba mabegani mpaka makaburini na Calist hatatupia udongo, asiulizwe, aliyemzuia ni mimi, na jina la kuandikwa kwenye kadi yake nimempa Salama, ni langu, ingawa sijui kama nitaweza, wala sijui kama watawahi.

Naomba mliokaa njiani msogee gari litoke.

Petronila, mdogo wangu, pumzika kwa amani, mimi leo sina.