Machipukizi ya Kisimani

Funga mlango, Miladin, baridi inaingia. Rosanda, wacha hiyo sufuria, supu siili tena, njoo ukae hapa upande wa sikio langu zima. Na wewe, mwanangu, hiyo karatasi uliyoifunika kwa gazeti pale mezani ifunue tu. Niliwasikia asubuhi mlipodhani nimelala. Nilisikia ukimwambia dada yako kwamba Alhamisi mtateremka mjini akatie sahihi, aseme mbele ya karani kwamba hataki chochote katika ardhi ya baba yake, kama wanavyofanya dada wote wenye heshima. Na nikamsikia Rosanda akijibu, haya kaka, kama mama ameridhia. Mama hajaridhia. Mama hakuulizwa. Sasa nisikilizeni wote wawili, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno haya tu.

Mimi nilitia sahihi hiyohiyo nikiwa na miaka kumi na tisa, wiki moja kabla ya kuolewa. Kaka yangu Vitomir alinipakia kwenye gari la farasi, akaninunulia kitambaa cha kichwa, na njia nzima ya kurudi tuliimba. Sikuona uchungu wowote, ndivyo ilivyokuwa: ardhi kwa kaka, na dada anakwenda kwa watu na sanduku lake. Niliomba kitu kimoja tu, machipukizi kumi na mawili ya ule mplamu wetu wa kisimani, nikapande kwa mume wangu.

Nyinyi mnaujua mti wa namna ile, mmekua chini ya watoto wake. Umesimama kwa mizizi yake mwenyewe, haukubebeshwa juu ya shina la mti mwingine, kwa hiyo kinachochipua chini yake ni yeye mwenyewe. Unakichimba kwa jembe mwezi huu wa Novemba, unakipanda, unapata mama yuleyule. Lakini mti wa kubebeshwa una miguu ya plamu-mwitu, na machipukizi yake ya chini ni ya miguu, si ya kichwa. Na yakishang'olewa, hayana jani, ni fimbo tu, hata baba yangu aliyezaliwa bustanini asingeweza kuyatofautisha. Unamwamini aliyekupa, basi.

Vitomir akaniletea kumi na mawili ndani ya gunia bichi, yamefungwa kwa uzi wa sufu. Nikayapanda hapo chini penye zizi sasa. Nikayabebea samadi nikiwa na mimba yako, Miladin. Mwaka wa saba yakazaa, na baba mkwe, kwa kunionea fahari, akaita majirani waje kuchuma pamoja nasi. Jamani! Vidude vya njano, vidogo, vichachu vya kukunja uso. Baba mkwe akatema, akasema, "Bibi harusi ametuletea chakula cha nguruwe." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo hadi nywele zangu zikaota mvi, kijiji hiki kiliniita Plamu-mwitu. Baba yenu alichukua shoka akaikata yote kumi na miwili, na mimi nililia katika zizi la zamani na ng'ombe kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumlilia.

Nikajua ni Vitomir. Nani mwingine? Amenichezea shere, nikasema, amechukua ardhi na hata fimbo kumi na mbili amenionea choyo. Miaka kumi na saba sikukanyaga kwake. Akija hapa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, namwekea mkate na pombe bila kumtazama usoni, naye anakula, anaaga, anakwenda.

Mama yangu alipokuwa anakufa nilikwenda. Akanivuta karibu, akaniambia, "Ni mimi, Stanojka. Kaka yako alikuchimbia ya kisimani. Mimi nikayabadilisha usiku. Wewe ulikuwa unakwenda kwa watu, na mplamu wetu si wa watu."

Alimzaa nani, nilimkosea nini? Mama yangu mwenyewe, aliyenisuka nywele asubuhi ya harusi, alikwishanihesabu mimi kuwa mtu wa nje kabla sijatoka mlangoni. Alitaka nimsamehe. Sikumsamehe. Mpaka leo hii sijamsamehe, na nakwenda kumkuta. Siku ya maziko, watu walipokuwa wanakula ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, nilichukua jembe nikaenda kisimani na viatu vyangu vya msiba, nikachimba matatu. Vitomir akaniona. Akasimama, akaondoka, akarudi na gunia bichi. Bustani yote ya juu imetoka katika hayo matatu.

Sasa, Rosanda. Nitazame, mama. Vuli iliyopita uliponiomba machipukizi kumi ukapande kwa mumeo, kaka yako alinijia jikoni akaniambia, mama, mpe ya mstari wa chini, ile miti ya kubebeshwa aliyonunua baba. Mume wake akipata plamu yetu atatuharibia soko la pombe ya plamu. Nikakataa. Akaniapia, mbele ya picha ya mtakatifu, kwamba nikifanya hivyo yeye hatagusa fungu lako katika ardhi, nusu ya bustani ya juu itakuwa yako nikifa. Nikamwamini. Nikajiambia kumi ya uongo leo, nusu ya kweli kesho. Nikayachimba mimi, nikayafunga mimi kwa mikono hii.

Usiinuke. Kaa. Nilikusikia ukimwambia wifi yako kwamba yote kumi yameshika, kwamba umeyazungushia waya sungura wasiyatafune. Kila ulipoyataja nilikuwa nakunywa maji ili nisiseme. Ni mwitu, mwanangu. Yang'oe, usingoje mwaka wa saba.

Na wewe Miladin, usinikodolee macho. Ulinifanya nimtende binti yangu nililotendwa, halafu kile ulichoniahidi umekitaka tena. Mama yangu angalau hakudanganywa na mtu. Alifanya kwa akili yake. Mimi umeninunua na bei hukulipa.

Basi haya ndiyo maneno yangu. Rosanda, Alhamisi huendi. Usitie sahihi, leo wala nikishazikwa, hata akulilie, hata ukoo mzima ukuite mchoyo. Nyumba, ng'ombe na mtambo wa pombe ni vya Miladin. Bustani ya juu mgawane sawa kwa sawa. Mnizike kwa baba yenu, msinipeleke kwetu. Vitomir aitwe, mzee yule bado anatembea, aketishwe mbele ya wote, na mmoja wenu amwambie kwamba Stanojka... kwamba sikumwomba radhi. Alileta gunia, na sikumwomba radhi.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Mungu awalinde wote wawili. Wote, Miladin, hata wewe, mimi nimekuzaa, siwezi kukulaani, nimejaribu usiku kucha. Mikono yenu ipande kitu kishike. Watoto wenu wa kike... wasiitwe watu wa nje.

Rosanda, jembe liko nyuma ya mlango. Nenda bustani ya juu, mchana bado. Chimba kumi. Chimba mwenyewe, usipokee mkononi mwa mtu, wala mwa kaka yako, wala mwa mke wake, na kama ningekuwa na nguvu ya kukuchimbia, wala mwangu. Usilie hapa. Nenda. Usirudi kunitazama mpaka umemaliza.

Miladin, wewe baki. Washa mshumaa, mtu asife gizani. Nishikie, vidole vyangu haviushiki... hivyo. Usimwite dada yako kabla hajachimba yote kumi. Hata nikikuambia umwite... usimwite.