Watoto Wanahesabu Ndani kwa Atim

Benchi letu liko Kyebando, limeegemea ukuta wa nyumba yangu, na kahawa ni ya Sulaimani, anayeweka jiko lake la makaa na birika hapo kila asubuhi. Mimi ni Tarcisio, fundi wa baiskeli. Mwaka huo wa sabini na saba vipuri havikupatikana mjini, kwa hiyo nilikaa benchini zaidi kuliko nilivyofanya kazi. Wenzangu wa kila siku walikuwa Opoka, polisi mstaafu tuliyemwita Redio kwa sababu kila habari aliisikia yeye kwanza, na Mugisho, muuza vitenge kutoka Bukavu, tuliyemwita Papaa. Siku chache kabla ya asubuhi ninayoisimulia, shule ndogo ya watoto nyuma ya kanisa ilikuwa imefungwa. Gari la askari lilikuja mchana likamchukua mwalimu Santina, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mke wangu Atim akaona watoto wetu wanashinda wameduwaa mlangoni, akatandika mkeka chumbani, akaanza kuwafundisha mwenyewe: Alanyo wa miaka mitano na Oryem wa minne. Dirisha la chumba hicho liko juu ya benchi. Asubuhi hiyo tuliwasikia wakihesabu kwa pamoja.

— Tarcisio, akasema Opoka bila kunitazama. Sauti ya watoto yako iko juu sana.

— Ni watoto wawili tu, Redio.

— Wawili wakihesabu pamoja, sisi kambini tuliita kwata. Moja, mbili, moja, mbili. Mtu akipita hapa atasema nini? Atasema ndani wanafunza jeshi.

— Jeshi ya miaka minne, akasema Mugisho.

— Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo wanyamaze kabisa.

Sulaimani alimwambia methali hiyo inasema kinyume. Opoka akajibu kwamba polisi wana maana yao.

— Na wanahesabu na nini? akaniuliza.

— Punje za kahawa. Sulaimani alitupatia konzi moja, mbichi.

Wote wawili wakageuka kumtazama Sulaimani. Yeye akainama kuchochea makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri. Mwaka ule kahawa mbichi ndani ya nyumba lilikuwa jambo zito. Watu walikuwa wanakamatwa njiani wakielekea mpaka wa Kenya na magunia ya magendo, na wengine hawakuonekana tena.

— Konzi si gunia, Sulaimani akasema polepole.

— Haba na haba hujaza kibaba, bwana, akasema Opoka. Wakija, wao wanaona kibaba.

Sulaimani akaniegemea.

— Tarcisio, ndugu yangu, nirudishie zile punje. Mama Alanyo atumie maharage.

— Maharage tunakula, nikasema.

— Miye nasema kahawa si shida, akasema Mugisho. Shida ni picha. Jana nimeona Oryem anachora chini na kijiti. Amechora ndege.

— Kila mtoto anachora ndege, Papaa.

— Tangu ile mambo ya Entebe mwaka jana, makomando kushuka na ndege usiku? Afande akiona atauliza: hii ndege inatoka wapi, inakuja lini? Na kwanza wataanza na sisi wageni. Achore kuku. Kuku haina mashaka.

— Nyinyi wageni mnaulizwa, nikasema. Sisi Waacholi hatuulizwi.

Opoka, ambaye ni Mwacholi kama mimi, alitazama chini. Tangu mwezi wa pili, askari walipoanza kuwawinda Waacholi, sote tulijua wanaume wa kwetu walioondoka asubuhi kwenda kazini na wake zao bado wanawangoja. Ndani watoto walianza tena kutoka moja. Opoka aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Nitakuambia kitu, Tarcisio. Hata picha si neno. Namba ndiyo hatari. Yule msichana akizijua vizuri atasoma kila mahali. Atasoma mlango, atasoma gunia, atasoma namba ya gari. Siku moja ile gari itapita hapa, naye ataitaja mbele ya watu. Hapo amekuwa shahidi. Na shahidi haulizwi miaka.

Santina alichukuliwa watoto wakiwa wamepanga mstari uani, na Alanyo alikuwa mbele.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akasema Mugisho. Basi mama apumzike kwanza. Ulimwengu iko.

— Mwambie aache, akasema Opoka. Mpaka mambo itulie.

Niliogopa. Niliweka kikombe chini, nikasimama ili niingie nikamwambie. Lakini hesabu ilikatika ndani, na Atim akatoka mwenyewe, vidole vyake vina chaki. Hakuwa amewahi kuja benchini. Sulaimani alimnyooshea kikombe, naye akakikataa kwa mkono.

— Nimewasikia, shemeji zangu, dirisha liko wazi, akasema. Punje nitazirudisha. Ndege tutaifuta. Kuhesabu, tutahesabu kwa kunong'ona. Lakini nisaidieni jambo moja. Kila asubuhi Alanyo ananiuliza mwalimu Santina yuko wapi. Nimjibu nini?

Opoka alikohoa, akatazama barabarani.

— Mwambie amesafiri, akasema Mugisho.

— Nilimwambia hivyo. Akaniuliza anarudi lini.

Alisubiri. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu aliyeuliza njia na bado anatumaini mmoja wetu anaijua. Sulaimani alimimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa. Atim akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

Nilimfuata. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, kimya, kama walivyoambiwa. Alanyo aliponiona aliinua mkono, jinsi walivyofundishwa kwa Santina, nami nikajua atauliza nini kabla hajafungua mdomo. Aliuliza. Atim alikuwa amesimama ukutani, hakunisaidia.

— Sijui, mwanangu, nikasema. Hakuna anayejua hapa.

Alifikiri, kisha akashusha mkono.

— Basi tutamngoja, akasema, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa.