Mzee Leander Stroud, wa Mwisho wa Wapanda Farasi Waliotembea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ni mimi Vernon Attaway, na leo sauti yangu ni nzito. Mzee Leander Stroud ametutoka. Amefariki Jumapili nyumbani kwa binti yake, hapa hapa Tarkill, akiwa na miaka tisini na miwili. Alikuwa mtu wa mwisho wa kile kikosi chetu cha wapanda farasi kilichotoka kaunti hii kwenda kupigania Kusini katika ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Wa mwisho, wasikilizaji. Hakuna mwingine aliyebaki.

Aliondoka mwaka 1862 akiwa na miaka kumi na minane, juu ya farasi jike aitwaye Tabitha, ambaye Leander alimlea kwa mikono yake tangu alipozaliwa. Mnatujua sisi watu wa Texas. Siku zile kijana alipanda farasi hata kwenda kisimani.

Walipofika Arkansas, amri ikatoka: malisho hakuna, farasi warudi nyumbani, ninyi sasa ni askari wa miguu. Wapo waliotupa bunduki chini. Wapo waliotoroka. Leander alimchana Tabitha manyoya ya shingo, akakabidhi hatamu.

"Baba alisema siku ile alilia zaidi kuliko siku alipomzika mama yake," binti yake, Bi Ouida, aliniambia jana.

Wakaanza kutembea. Askari waliokuwa wa miguu tangu mwanzo wakawacheka njiani.

"Enyi mabwana wapanda farasi! Farasi mmewaficha mifukoni?"

"Tumewala!" Leander akawajibu. "Sasa tunatafuta punda. Hebu sogea hapa!"

Basi wapanda farasi hao walitembea mpaka Georgia, wakatembea mpaka Tennessee. Na huko Tennessee, Desemba ya mwaka 1864, jeshi lao la Kusini lilipigwa vibaya nje ya Nashville. Wakarudi nyuma kwenye barafu, wengi wao bila viatu.

Rafiki yake, Absalom Pruitt, mtoto wa jirani, alikaa kando ya njia. Miguu ilikuwa imevimba na kuwa myeusi. Hakuweza kusimama.

Luteni wao akapita. "Mwache, Stroud. Mayanki, hao askari wa Kaskazini, wako nyuma yetu, na wao wana farasi."

"Wakija watatukuta wawili, Luteni."

Absalom mwenyewe akamsihi. "Nenda, bwana. Mwambie mama nilikufa vizuri."

"Mwambie mwenyewe. Mimi mama yako simwezi."

Akamwinamia, akambeba mgongoni. Bunduki za Mayanki zilisikika nyuma yao. Baada ya kitambo Absalom akalalamika, "Leander, mbona unanirusharusha hivi?"

"Nyamaza. Mimi ndiye farasi hapa."

Alimbeba, akapumzika, akambeba tena. Walipata gari la ng'ombe, gurudumu likavunjika, akambeba tena. Hivyo ndivyo walivyofika kwenye mto mpana na kuuvuka, Mayanki wakabaki ng'ambo. Daktari alimkata Absalom vidole vyote vya mguu wa kushoto. Lakini aliishi. Alirudi nyumbani, akaoa, akaona wajukuu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Nililiona kwa macho yangu, Absalom akiwa bado hai, uwanjani pa shule, siku ya kuwakumbuka askari. Mzee Leander aliombwa asimulie utukufu wa vita. Akavua kofia.

"Tulikuwa majasiri," alisema. "Hilo sitaki mtu aninyang'anye. Lakini kama tungeshinda, watu weusi wa kaunti hii wangekuwa bado wanauzwa kama ng'ombe. Tulipigania jambo baya. Namshukuru Mungu tulishindwa."

Uwanja ukachafuka. "Msaliti!" "Keti chini, mzee!" Mtu mmoja akapaza sauti: "Mwoga mkubwa!"

Hapo Absalom Pruitt akainuka taratibu, akiegemea fimbo yake. "Anayetaka kumwita huyu mwoga," alisema, "aje anibebe kwanza."

Hakuja mtu.

Wapo waliokataa kumsalimia Mzee Leander mpaka walipoingia kaburini. Alijua, na ilimuuma. Bi Ouida anasema kuna Jumapili alirudi kutoka kanisani akakaa barazani bila kugusa chakula. Lakini neno lake hakulikana.

Jumapili hii alikunywa kahawa, akala mkate wa mahindi na asali ya miwa, akasema anataka kulala kidogo. Hakuamka.

Kwako Bi Ouida, na kwa ukoo wote wa Stroud: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Tutamzika kesho asubuhi katika makaburi ya kanisa la Wamethodisti, na ninawaomba hata wale waliokuwa wamenuna waje.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama bado mna mzee nyumbani aliyeona vita, kaeni naye leo. Msimuulize tu alikuwa jasiri kiasi gani. Muulizeni alikuwa akipigania nini. Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize.